Maswali ya Wasomaji: Pensheni ya Uingereza kwa anayestaafia Mtwara

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mzaliwa wa Mikindani na nimefanya kazi ya uuguzi nchini Uingereza kwa miaka 24, huku nikikatwa michango ya Bima ya Taifa katika kila mshahara. Mwakani natimiza umri wa kupokea pensheni ya serikali, na nyumba yangu ya Mikindani imekwisha kuezekwa. Muuguzi mwenzangu, ambaye ni Mjamaika, alirudi kwao miaka michache iliyopita na kila Aprili pensheni yake inaongezwa. Mimi nimeambiwa kwamba nikihamia Tanzania sitaongezewa hata senti moja. Je, ni kweli? Na je, ni kwa sababu pasipoti yangu ni ya Tanzania?
Mama wa Mikindani

JIBU: Mama yetu, shikamoo. Uliyoambiwa ni kweli, ila sababu yake si pasipoti. Pensheni ya serikali ya Uingereza hulipwa kwa kufuata michango ya mtu, si uraia wake, na italipwa popote utakapoishi. Kinachoamuliwa na makazi yako ni nyongeza ya kila mwaka. Hata Mwingereza aliyezaliwa London, akihamia Masasi leo, pensheni yake itabaki palepale kama yako.

Nyongeza hutolewa kwa wanaoishi Uingereza, kwa wanaoishi katika nchi za Umoja wa Ulaya na Uswisi, na kwa wanaoishi katika nchi zenye mkataba wa hifadhi ya jamii unaoruhusu nyongeza hiyo. Jamaika imo katika kundi hili la mwisho, pamoja na Marekani, Barbados, Ufilipino, Uturuki na Israeli. Barani Afrika imo Mauritius. Tanzania haimo, wala Kenya, Uganda, Msumbiji au Afrika Kusini. Tena kuwa na mkataba pekee hakutoshi, kwani Kanada na New Zealand zina mikataba na Uingereza, lakini wastaafu wanaoishi huko hawaongezewi chochote kwa sababu mikataba yenyewe haikuigusa nyongeza.

Tuliangalie jambo hili kwa hesabu yako mwenyewe, maana hapo ndipo uzito wake unapoonekana. Tangu Aprili 2026 pensheni mpya kamili (yaani ya wanaofikia umri wa pensheni kuanzia Aprili 2016) ni pauni 241.30 kwa wiki, na kwa kawaida huhitaji miaka 35 ya michango. Kwa miaka yako 24, makadirio yasiyozingatia hali za pekee za michango ya kabla ya mwaka 2016 yanakupa kama pauni 165 kwa wiki. Uingereza kwa sasa hupandisha pensheni kila Aprili kwa kufuata kilicho kikubwa kati ya ongezeko la mishahara, mfumuko wa bei na asilimia 2.5. Tuchukue hicho kiwango cha chini kabisa cha asilimia 2.5 kwa miaka 10: mwenzako aliyeanza na kiasi sawa na chako, akiwa Jamaika, atakuwa anapokea kama pauni 212 kwa wiki, na wewe Mikindani utakuwa ungali na 165 zako. Hiyo ni tofauti ya pauni 2,400 hivi kwa mwaka, na inazidi kukua kila Aprili inayopita, wakati umri nao unasonga na mahitaji ya dawa yanaongezeka.

Wala hayo si makadirio matupu. Aliyeanza kupokea pensheni mpya kamili mwaka 2016 alianza na pauni 155.65 kwa wiki. Kama wakati huo alikuwa tayari anaishi Mtwara, hadi leo anapokea pauni 155.65, na aliyebaki Uingereza anapokea 241.30.

Kuna jambo moja ambalo huwapoteza wengi huku kwetu. Fedha zinapoingia benki zikiwa zimebadilishwa kuwa shilingi, kiasi hupanda na kushuka kwa kufuata bei ya pauni sokoni. Shilingi inapodhoofika, mstaafu huona tarakimu zimeongezeka na kudhani kuwa amepata nyongeza; shilingi inapoimarika, hushangaa kwa nini amepunguziwa. Pauni zake ni zilezile wakati wote.

Umeuliza kama ni kweli, na nadhani una haki ya kujua pia kama suala hili limewahi kupingwa mahakamani. Limepingwa, tena hadi ngazi ya juu kabisa. Mwaka 2010 Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya, iliyoko Strasbourg, ilitoa uamuzi katika kesi ya Carson na wenzake dhidi ya Uingereza. Mlalamikaji wa kwanza alikuwa amehamia Afrika Kusini, na pensheni yake ya msingi ilikuwa imesimama kwenye pauni 67.50 kwa wiki tangu mwaka 2000. Majaji 11 dhidi ya 6 waliamua kwamba hapakuwa na ubaguzi. Walisema kwamba michango ya Bima ya Taifa haigharimii pensheni peke yake, na kwamba mfumo wa pensheni umewekwa kwa kuzingatia hali ya uchumi na gharama za maisha ndani ya Uingereza, hivyo anayeishi nje hawezi kujilinganisha na anayeishi ndani.

Naiheshimu mahakama, lakini hoja hiyo hainiingii akilini kila ninapoiweka kando ya mfano wako. Gharama za maisha za Jamaika si za Uingereza, na bado Mjamaika anaongezewa. Wauguzi wawili waliohudumia wodi moja na kukatwa michango ya aina moja wanatenganishwa na mkataba ambao hakuna hata mmoja wao aliyeshirikishwa kuuandika. Naliona jambo hili kuwa ni dhuluma, na nasema hivyo bila kusita. Linaweza kurekebishwa na serikali na Bunge la Uingereza, ambalo wastaafu walioathirika, wengi wao wakiwa Australia na Kanada, wamekuwa wakilishawishi kwa miaka mingi.

Sasa ufanye nini? Kabla ya kufunga mizigo, omba makadirio rasmi ya pensheni yako na uangalie kama rekodi yako ya michango ina miaka yenye mapengo inayoweza kulipiwa kwa hiari, kwani mwaka mmoja kamili huongeza takriban pauni 6.90 kwa wiki, na kwako wewe kiwango cha kuanzia ndicho kitakachokuwa kiwango cha miaka yote. Kwa sababu hiyohiyo angalia tarehe ya safari. Ukiwa tayari unapokea pensheni na ukahama mwezi wa Machi, utaikosa nyongeza ya Aprili inayofuata, na pengo hilo utakaa nalo muda wote utakaoishi hapa. Ukihama Mei, utakuwa umekwisha kuipata. Usijaribu kuficha kwamba umehama, maana kilicholipwa zaidi hudaiwa.

Kama uliajiriwa na huduma ya afya ya serikali ya Uingereza, huenda una pensheni nyingine ya kazini. Hiyo ni tofauti na hii tuliyoizungumzia, na nyongeza zake hulipwa hata kwa anayeishi Tanzania. Ulizia kiasi chake mapema ili upange bajeti ya Mikindani ukijua ni fedha ipi itakayopanda na ipi itakayobaki ilivyo.

SWALI: Baba yangu ana miaka 81, anaishi Lindi mjini na hupokea pensheni ya Uingereza kupitia benki. Miezi kadhaa sasa fedha haziingii. Tumeambiwa kwamba karatasi ya kuthibitisha kuwa yu hai ilitumwa kwenye S.L.P. tuliyokwisha kuiacha. Je, fedha zimepotea? Na akienda kukaa kwa dada yangu Leicester kwa miezi mitatu, ataongezewa?
Msomaji wa Lindi

JIBU: Ndugu yangu, kwanza mfikishie mzee shikamoo yangu. Fedha hazijapotea, zimesimamishwa. Piga simu au andika kwa ofisi ya pensheni ya kimataifa ya Uingereza, uombe karatasi nyingine. Mzee aijaze na kutia sahihi yake mwenyewe, kisha shahidi asiye ndugu, mwenye wadhifa unaokubaliwa na maelekezo yaliyomo, aijaze sehemu yake na kuweka tarehe. Usimsainie mzee hata kama mkono wake unatetemeka. Eleza hali hiyo kwa ofisi nao watakuelekeza. Karatasi ikipokewa, malipo huendelea pamoja na malimbikizo.

Kuhusu Leicester, jibu ni ndiyo, mradi ofisi hiyo ijulishwe tarehe za kufika na kuondoka. Kwa muda atakaokuwa huko anaweza kulipwa kiwango cha sasa, lakini akirudi Lindi atarudishiwa kile cha zamani. Angehamia Uingereza moja kwa moja, kiwango cha sasa kingebaki kwa muda wote anaoishi huko.

Katika simu hiyohiyo ya kuomba karatasi, badilisheni na anwani. Wapeni S.L.P. ya mtu anayefungua sanduku lake kila wiki, na muombe wawathibitishie kwa maandishi kwamba ile ya zamani imefutwa.