DDJ-400 ndani ya FL Studio: pedi kimya, fada inarukaruka

SWALI: Shikamoo fundi. Mimi ni DJ wa vigodoro hapa Temeke, miaka yote nimepigia Virtual DJ. Nimepata DDJ-400 iliyotumika, ile kontrola ya DJ ya Pioneer, na sasa nataka kutengeneza biti zangu mwenyewe za singeli kwenye FL Studio, laptopu ya Windows. Kontrola inawaka vizuri, lakini pedi nikizigonga hazitoi kitu. Nikigusa gurudumu, kinanda kinalia chenyewe. Fada ya sauti nikiipandisha polepole, nobu ya kwenye skrini inarukaruka ovyo. Hedifoni nazo kimya. Kuna jamaa ameitazama akasema fada zimekufa, ninunue nyingine. Ni kweli?

JIBU: Marahaba, kijana wangu. Usinunue kitu kwanza. Kwa jinsi ulivyoeleza, naona kontrola nzima inayofanya kazi yake sawasawa, ila imekutana na programu ambayo haijaambiwa inachosikia ni nini. Nimeona vijana wengi wakifunguliwa kontrola zao kwa bisibisi kwa sababu ya hiyo hiyo fada inayorukaruka, na inaniuma, maana baada ya kufunguliwa ndipo zinapoharibika kweli.

Ndani ya boksi hilo kuna vifaa viwili vinavyotumia waya mmoja wa USB. Kimoja ni kadi ya sauti, inayotoa muziki kwenda kwenye spika na hedifoni. Cha pili ni mashine ya MIDI, na hiyo haijui sauti hata kidogo: kila unachogusa inakigeuza kuwa nambari kati ya 0 na 127 na kuituma kwenye kompyuta. Virtual DJ inaijua DDJ-400 na imeshawekewa maana ya kila nambari. FL Studio haina orodha hiyo, inapokea nambari na kuzichukulia kama zimetoka kwenye kinanda. Hapo ndipo yalipoanzia yote uliyoyaona.

Anza kwa kufunga Virtual DJ kabisa, isibaki hata nyuma ya pazia. Kwenye Windows mara nyingi programu moja ikishaushika mlango wa MIDI wa kifaa, ya pili hainusi kitu. Kisha fungua FL Studio, bonyeza F10, nenda ukurasa wa MIDI, chagua DDJ-400 kwenye orodha ya vifaa vya kuingiza, uiwashe, na aina ya kontrola iache kuwa ya kawaida. Ukigusa kitufe chochote, taa ndogo ya MIDI juu ya dirisha la FL itamulika. Ikimulika, njia ipo.

Sasa fada, maana ndiyo iliyotaka kukutoa hela. Hatua 128 zinatosha kwa kinanda, lakini kwa DJ anayesogeza kasi ya wimbo kwa unywele ni chache mno. Kwa hiyo kontrola hizi hutuma nambari mbili kwa kila msogeo wa fada, moja ya hatua kubwa na moja ya hatua ndogo, na zikiunganishwa zinakupa hatua 16,384. Fikiria saa ya ukutani. Mshale wa saa unasogea taratibu kutoka mwanzo hadi mwisho, wa dakika unazunguka mara nyingi njiani. Ukisoma wa dakika peke yake utaona muda unapanda hadi 59, unaanguka 0, unapanda tena, na utaapa kwamba saa ni mbovu. FL ikijifunza fada yako hushika ujumbe uliofika mwisho, na uliofika mwisho ni mshale wa dakika, yaani ile ya hatua ndogo.

Kwenye DDJ-400 fada ya sauti ya dekki ya kushoto hutuma ujumbe wenye namba 19, ndio mshale wa saa, na wenye namba 51, ndio mshale wa dakika. Tofauti ni 32, na ndivyo ilivyo kwa jozi zote za namna hii: EQ (nobu za besi na sauti nyembamba), kasi, krosifada. Bofya kulia nobu unayotaka kuiongoza, chagua "Link to controller", sogeza fada, halafu utazame nambari iliyoshikwa. Ukiona 51, zima ile alama ya kujitambua yenyewe na uandike 19. Dekki ya kulia inatumia nambari zile zile, ila chaneli ya MIDI ni 2 badala ya 1. Fada ikiwa nzima, ile rukaruka itakoma hapo hapo. (Mwenye Ableton Live ana njia fupi zaidi, kwani kwenye ramani ya MIDI kuna chaguo la "14-bit" linalosoma mishale yote miwili kwa pamoja.)

Ukitaka uhakika kama fada ni nzima, pakua MIDI-OX, ni programu ya bure ya Windows inayoonyesha kila nambari inayopita. Funga FL, sukuma fada polepole kutoka chini hadi juu, utazame 19 peke yake. Thamani yake ikipanda hadi 127 bila kurudi nyuma, fada yako ni nzima na huyo jamaa alikosea. Ikirudi nyuma katikati ya safari, hapo ni vumbi au imechakaa. Jaribu dawa ya kusafishia fada kabla ya kufikiria kubadilisha.

Pedi zako zinatuma, ila hakuna anayezijibu. Katika hali ya Hot Cue, ile ya kurukia alama ulizoweka kwenye wimbo, pedi nane ni nota 0 hadi 7, yaani chini kabisa, ambako ala nyingi hazina kitu. Seti za ngoma kwa desturi ya MIDI huanzia kiki kwenye 36 na snea kwenye 38. Bonyeza hali ya Sampler, pedi zile zile zinakuwa 48 hadi 55. Fungua FPC, ndiyo mashine ya pedi iliyomo ndani ya FL, chagua pedi ya kwenye skrini, iambie ijifunze nota, gonga pedi ya kontrola, nenda ya pili. Hapa kuna jambo dogo ninalolipenda: kwa upande wa nota FL kwa kawaida haijali chaneli, kwa hiyo pedi za kushoto na kulia zikiwa katika hali moja zitapiga sauti zile zile. Weka kushoto Hot Cue na kulia Sampler, unapata pedi 16 tofauti.

Ila nikuambie wazi, pedi hizi hazisikii nguvu ya kidole. Uguse kama unamshika kifaranga au ubamize, inatumwa 127 ile ile. Singeli bila msisitizo wa juu na chini inakuwa cherehani. Piga kwa pedi upate mpangilio wako, kisha ingia kwenye piano roll, dirisha la FL la kuhariri nota, ushushe nguvu ya nota zisizobeba mdundo. Ukipata fedha baadaye, kinanda kidogo cha MIDI chenye pedi zinazosikia nguvu kitakufaa kuliko kubadilisha kontrola hii.

Gurudumu linaliza kinanda kwa sababu kulishika tu juu ni nota, namba 54. Kitufe cha kuchezesha wimbo ni nota pia, 11. Ala ya kinanda ikiwa imechaguliwa, inazipiga kama ulivyoziomba. Fanya kazi ukiwa umechagua FPC, inajibu nota ilizofundishwa tu, ila kumbuka pedi ya saba ya Sampler nayo ni 54, kwa hiyo ukiifundisha hiyo usiguse gurudumu, ama sivyo iache tupu na pedi ya FPC iliyokaa kwenye 54 ihamishie nambari nyingine. Kuhusu kuzungusha, achana nako. Gurudumu halisemi liko wapi, linasema tu limesogea mbele au nyuma, kwa nambari zilizo juu au chini kidogo ya 64. Ukiliunganisha moja kwa moja na nobu ya FL, nobu itaganda katikati ikitetemeka. Kuna watu wanaandika skripti za Python ndani ya FL kulitatua hilo, na pia kuwasha taa za pedi, maana taa haziwaki mpaka programu irudishe ujumbe. Kwako wewe unayeanza, huo ni muda ambao ungetengeneza biti tatu.

Hedifoni. Kadi ya sauti ya DDJ-400 ina njia nne za kutoka: 1 na 2 ni spika, 3 na 4 ni hedifoni. FL inapeleka Master, yaani mchanganyiko wa mwisho wa sauti zote, kwenye 1 na 2 tu. Kwenye mipangilio ya sauti chagua draiva ya ASIO ya kontrola (programu inayounganisha FL na kadi ya sauti bila kuchelewesha sana), kasi ya sampuli iwe 44,100. Kisha kwenye mixer chukua njia moja tupu, elekeza ngoma na ala zako ziingie huko pia, ikate isiende Master, na sehemu yake ya kutokea uchague 3 na 4. Sauti itaingia masikioni.

Ukiwa kwenye ukurasa huo huo, tazama bafa, yaani kiasi cha sauti ambacho kompyuta inakusanya kabla ya kuitoa. Singeli ya BPM 220 (mapigo 220 kwa dakika) ina pigo moja kila milisekunde 273, na robo ya pigo ni 68 tu. Bafa ya sampuli 1,024 inakuchelewesha milisekunde 23, theluthi nzima ya robo hiyo, na kidole chako kitajiona kimelewa. Kwa muziki wa taratibu mtu anaweza asitambue, kwa singeli hutapiga kitu kikakaa. Shusha hadi 256, ucheleweshaji unakuwa karibu 6. Sauti ikianza kukwaruza panda 512 wakati wa kuchanganya, maana hapo hupigi tena kwa mkono.

Mahali kontrola hii itakapokupa raha ni kwenye fada na nobu. Unganisha nobu tatu au nne tu: filta ya ngoma, mwangwi wa sauti ya MC, sauti ya kinanda. Washa kurekodi, chagua kurekodi misogeo, halafu cheza wimbo mzima ukizisogeza kama uko uwanjani saa nane usiku na watu wako mbele yako. Mkono wako umeshafundishwa na vigodoro lini pa kubana na lini pa kuachia, na ukiutumia hivyo utasikika kwenye biti tangu ya kwanza.