Neema, koti usilisubirishe

Makambako, Januari 4

Marahaba, mwanangu. Sauti uliyonitumia nimeisikiliza mara mbili, maana mara ya kwanza nilikuwa kibandani kwangu kwa mitumba na mteja ananivuta kanga. Unauliza hivi: maduka ya huko Minneapolis yamepunguza bei ya makoti baada ya Krismasi, je, ununue sasa au uvumilie hadi Februari yashuke zaidi? Na kwa dola 100 ulizonazo utajuaje lipi koti kweli na lipi pambo, maana kwenye simu yote yanafanana.

Nunua sasa. Anayesubiri Februari ni mtu mwenye koti mwilini, anatafuta la mwakani. Wewe umefika Agosti na sweta mbili, na unasimama kituoni alfajiri kwenye nyuzi 20 chini ya sifuri.

Hawapunguzi bei kwa kukuonea huruma, hilo ulijue. Hapa kwetu jaketi linauzika Juni na Julai. Ikifika Oktoba mzigo uliobaki unakuwa umelala, na mzigo uliolala unakula hela: kodi ya kibanda inadai, mtaji umefungwa humo humo. Ndiyo maana mimi robota la majaketi nalinunua Novemba, wakati hakuna anayeligusa. Wenye maduka wa huko wana haraka kunishinda. Baridi yenu ina miezi mingine mbele, lakini wao Januari wanaanza kutafuta nafasi ya nguo nyepesi, basi koti linashuka bei likiwa bado lina kazi. Bei itazidi kuteremka, ni kweli. Na saizi zitazidi kwisha. Februari utakuta yamebaki ya majitu na ya watoto.

Ile bei iliyopigwa mstari usiihesabu. Hata mimi hutaja 40,000 nikitaka 25,000, na mteja anaondoka anacheka. Hesabu kinachotoka mfukoni mwako. Hapo una nafuu, kwa kuwa ulishaniambia jimbo lenu la Minnesota hawatozi kodi ya mauzo kwenye nguo za kawaida. Mama yako mdogo kule Toronto aliingia dukani tarehe 26 Desemba, siku yao kubwa ya punguzo, akafika kaunta akaongezewa asilimia 13 ya kodi. Alinipigia simu siku hiyo hiyo kulalamika, kana kwamba mimi ndiye serikali ya Kanada.

Sasa koti lenyewe. Anza na zipu, kabla hata ya kuuliza rangi. Mwaka wangu wa kwanza sokoni niliuziwa robota nililoapiwa ni gredi ya kwanza. Kulifungua, karibu nusu ya majaketi zipu zimekufa. Fundi wa barazani alinibadilishia moja moja kwa bei ndogo, nikarudisha mtaji. Huko fundi anaweza kukudai nusu ya bei ya koti kwa zipu moja. Ifunge na kuifungua mara tano, kwa haraka, kama mtu anayekimbilia basi. Meno yawe manene, na ikivutika pia kutoka chini ni bora zaidi, utaweza kukaa kwenye kiti bila koti kukubana mapajani. Ukiona herufi YKK, hao ni Wajapani watengeneza zipu, mara nyingi hawasumbui.

Unawakumbuka bodaboda wanavyovaa jaketi mbele nyuma? Hawana wazimu. Upepo unapita kwenye zipu, kwa hiyo wanaipeleka mgongoni. Wewe huwezi kuingia darasani hivyo, basi tafuta koti lenye kipande cha kitambaa kinachofunika zipu juu hadi chini. Kwenye mikono, ndani, kuwe na mpira au kitambaa cha kufumwa kinachobana kifundo cha mkono. Kofia iwe imeshonewa hapo hapo na iwe na kamba ya kukaza. Na koti lishuke lifunike mapaja. Vile vijaketi vinavyoishia kiunoni waachie wenye magari.

Kuhusu kilichojazwa ndani, fikiria mto wa sufi wa bibi yako. Ukiuanika juani unaumuka, ukilowa unakuwa mabonge. Manyoya laini ya bata yako hivyo hivyo: hewa iliyonaswa humo ndiyo inayotunza joto, yakilowa yanalala na joto linaondoka. Lebo ya ndani itakuandikia ni asilimia ngapi down na ngapi feather. Down ndiyo yale laini, yawe mengi; feather ni yale yenye kijiti. Lifinye koti mkononi, liachie, uone kama linaumuka upesi. Likibaki limesinyaa, lirudishe kwenye henga. Kwa dola 100 lakini, la manyoya jipya na refu ni bahati, kwa hiyo usidharau lililojazwa poliesta. Ni zito kidogo, ila likilowa halikusaliti, na utalifua kwenye mashine bila kuomba ushauri. Koti la sufu ni zuri la kanisani, na mengi lebo yake ukiisoma vizuri utakuta sufu yenyewe ni kidogo.

Livae dukani ukiwa na sweta nene, uinue mikono juu. Likibana kwapani, chukua saizi inayofuata. Na uliza kama linarudishwa, kwa sababu vitu vingine vya punguzo ukishalipa ndiyo basi.

Neno la mwisho ulitarajia. Kabla ya kwenda kwenye maduka yenye taa, pita kwenye maduka ya mitumba ya huko. Najua umeapa kwamba Marekani utavaa kipya tu, na sikulaumu, umekulia chini ya meza ya mitumba. Ila yale majaketi yaliyokulipia ada, mengi yalitoka nchi za baridi kama hiyo uliyopo. Sasa umeyafikia kabla hayajafungwa kwenye robota, kabla ya meli, ushuru na mimi kuweka faida yangu. Mtu aliyepewa koti jipya Krismasi, la zamani anaweza kulipeleka huko mwezi huu huu. Kagua kwapa, kola na mifuko. Mimi niliwahi kukuta mfukoni glavu moja na tiketi ya basi ya mji ambao sikuweza hata kuutamka.

Ukishapata nitumie picha ya zipu, kwa karibu. Sura yako nitaiona Jumapili ukipiga.

Mama yako