Muulize Muuzaji Swali Ambalo Jibu Lake Unalijua

Ukifungua mlango wa dereva wa gari lile la mtumba nililotaka kununua, kwenye nguzo, pale ambapo waosha magari hawafiki vizuri, palikuwa pamebandikwa kikaratasi cha buluu kilichofifia. Ni kile ambacho gereji za Japani hubandika baada ya kubadilisha oili. Maandishi sikuyajua, lakini tarakimu ni tarakimu: 28.5.14, na chini yake 97,300. Kwenye dashibodi, geji ilikuwa inasoma kilomita 61,204.

Nikafunga mlango taratibu, nikamgeukia muuzaji. "Kaka, gari limetembea kiasi gani?"

"Elfu sitini na moja tu, nyabo. Mwenyewe alikuwa mwalimu wa kike. Nyumbani na shuleni, basi." (Nyabo ndiyo "madamu" kwa Kiganda.)

Wajapani kwenye vikaratasi hivyo mara nyingi huandika mwaka kwa hesabu ya enzi za wafalme wao. Hiyo 28 ni mwaka wa 28 wa enzi ya Heisei iliyoanza 1989, yaani 2016. Kwa hiyo tarehe 14 Mei 2016 gari lilikuwa limeshatembea kilomita 97,300, kisha likafika Kampala likiwa na 61,204. Nilipomwonyesha alisema hapana, hapo ni tarehe 28 Mei 2014. Nikamjibu: haya, tuseme ni 2014, lakini umeniambia mwenyewe kwamba gari limetengenezwa mwaka huohuo wa 2014. Limekwenda kilomita elfu tisini na saba kwa miezi mitano? Hakujibu. Alianza kunisifia redio.

Ushauri wangu wote umeanzia kwenye mlango ule. Kabla hujamwuliza muuzaji jambo usilolijua, mwulize unalolijua. Akijibu sawa, una sababu ya kusikiliza majibu yake mengine. Akikosea, utajua mapema uko na mtu wa aina gani, na hela bado ziko mfukoni mwako.

Niseme kidogo nilifikaje pale. Nimezaliwa Tororo, baba alikuwa dereva wa malori ya njia ya Mombasa, kwa hiyo Kiswahili na magari vilikuja nyumbani kwetu pamoja. Mwaka 2011, Susan Muwonge alipotwaa ubingwa wa taifa wa rali hapa Uganda, nilikuwa sekondari, na tangu hapo nilijua siku moja nitanunua gari la spoti kwa jasho langu. Nikaweka akiba miaka mingi. Gari lililonikaa moyoni ni Toyota 86, lile dogo la milango miwili lililotoka 2012, ambalo Toyota na Subaru walilitengeneza pamoja. Kwa Subaru linaitwa BRZ. Nilikuwa nimelisoma mpaka nalijua kama ninavyoijua nyumba yetu. Wauzaji hawakulijua hilo. Walimwona mwanamke, wakaanza kunionyesha rangi.

Kwetu Uganda neno "gari jipya" lina maana mbili, na muuzaji mjanja anaitumia ile inayomfaa. Kuna jipya la kutoka kiwandani, na kuna lile lililotumika Japani ambalo halijawahi kupewa namba ya Uganda. Mwulize tangu mwanzo anamaanisha lipi. Mimi nilianza na lile la kiwandani, kwenye chumba cha maonyesho chenye vioo na kiyoyozi. Nilitaka kujua kama wanaweza kuniagizia GR86, mrithi wa gari langu. Kijana aliyenipokea alikuwa na adabu nzuri. Nikamwuliza kama injini yake ina tabo, kile kifaa kinachoisukumia injini hewa zaidi ili ipate nguvu.

"Ndiyo, madamu. Ina tabo mbili."

Haina hata moja. Ni injini ya lita 2.4, silinda nne zilizolala ubavu, mbili huku na mbili huku, na inavuta hewa yenyewe bila kusukumiwa. Ile ya kwanza ya lita 2 nayo haikuwa na tabo. Kwa mkaaji wa Kampala hili ni jambo zito. Mji wetu uko karibu mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, na injini isiyo na tabo hupoteza hapa kama sehemu moja ya kumi ya nguvu zake. Zile nguvu farasi 200 za 86 ya kwanza zilizoandikwa kwenye vitabu, huku juu utapata kama 180. Mtu aliyeahidiwa tabo mbili atatoka barabarani, atakanyaga mafuta, atadhani ameuziwa gari bovu.

Yule kijana hakuwa mwongo, na ninataka tumtendee haki. Anauza pikapu kutwa, hakuna aliyemfundisha gari la spoti, na amewekwa pale akiamini kwamba kunyamaza mbele ya mteja ni kosa. Asiyejua unaweza kufanya naye kazi: mwombe akuitie fundi wa karakana yao, au akuletee karatasi ya kiwanda mkaisome pamoja. Wapo wanaofurahi kujifunza. Wangu alishikilia tabo zake mbili hata nilipomwonyesha kwenye simu, nikaona nikimkabidhi fedha zangu, siku ya tatizo atanishikia maneno vilevile. Nikamshukuru, nikaondoka.

Mwongo hafundishiki. Anajua. Bondini, kwenye yadi za magari yaliyoagizwa ambayo ushuru wake haujalipwa, ndiko nilikomkuta, na huko ndiko inafaa ukae macho zaidi, kwa sababu gari la spoti halilelewi kama Toyota Premio ya familia. Premio limepeleka watoto shule. Gari kama 86 vijana wengi hulinunua wakalifanyie drifti, yaani kulitelezesha kwenye kona, walishushe springi, walibadilishe eksozi, waligonge ukutani, walinyooshe, waliuze. Kisha linakuja Mombasa, linapanda mpaka Kampala, linapigwa polishi, na mtu anakuambia lilikuwa la mwalimu.

Fundi wangu wa Katwe, mzee wa Busia aliyeanza kazi kabla sijazaliwa, aliniambia hivi: "Binti yangu, mdomo wa muuzaji unalipwa gari likiondoka. Gari lenyewe halilipwi kitu. Uliulize gari." Basi nikajifunza kuliuliza gari.

Jambo la kwanza, kabla hata ya salamu kwisha, weka kiganja juu ya boneti. Ikiwa ya moto na wewe ndiye mteja wa kwanza asubuhi, kuna sauti ambayo injini hutoa ikiwa baridi na mtu hakutaka uisikie. Rudi siku nyingine bila kupiga simu. Pili, washa swichi bila kuwasha injini. Taa zote za dashibodi, ya injini na ya mifuko ya hewa zikiwemo, lazima ziwake halafu zizimike zenyewe baada ya injini kushika. Taa ya injini isipowaka kabisa, kuna mtu ameing'oa au ameiziba ili isikuambie linalojiri. Katika bondi mojawapo niliulizia hilo, nikaambiwa modeli hii haina taa hiyo. Inayo.

Mikanda ya viti, ivute mpaka mwisho. Chini kabisa kuna kitambaa kidogo chenye tarehe. Mkanda wa dereva ukiwa wa mwaka tofauti na wa abiria, yaelekea umebadilishwa, na mikanda haibadilishwi bila sababu. Tairi nazo zina tarakimu nne ndani ya duara refu: 3119 ni wiki ya 31 ya mwaka 2019. "Tairi mpya" niliyoonyeshwa ilikuwa na umri wa miaka mingi, imepakwa dawa nyeusi ikang'aa.

Kisha nikatoa futi kamba. Nilikuwa nimesoma kwamba 86 ya Japani ina kama sentimita 13 kutoka ardhini mpaka tumbo la gari. Nikamwuliza muuzaji kama springi ni zake za kiwandani. Akaapa. Nikapiga magoti kwenye ile changarawe, nikapima: sentimita 10 na kidogo. Springi zilikuwa zimeshushwa. Kwa matuta yetu, gari lile lingekwangua sampu, bakuli la oili chini ya injini, kabla halijafika Ntinda. Nilipoinuka, magoti yamejaa vumbi, sauti yake ilikuwa imebadilika. Aliacha kuniita nyabo, akaanza kuniuliza nafanya kazi wapi.

Omba karatasi ya mnada. Magari mengi ya Japani hupita mnadani, na mkaguzi huko huyapa alama na kuchora ramani ya mwili wa gari: A ni mkwaruzo, U ni mbonyeo, W ni mahali palipotengenezwa, XX ni kipande kilichobadilishwa. Daraja la gari likiandikwa R au RA, gari lilipata ajali likatengenezwa. Karatasi atakayokupa muuzaji isiwe ya mwisho, maana kuighushi ni kazi ya dakika chache. Chukua namba ya chesisi kutoka kwenye chuma chenyewe, si kutoka kwenye karatasi yake, utafute nakala kwa huduma zinazouza kumbukumbu hizo mtandaoni. Gharama yake ni ndogo sana ukilinganisha na injini.

Namba hiyohiyo ya chesisi itakupa mwaka halisi wa kutengenezwa. Wauzaji hupenda kutaja mwaka gari lilipoandikishwa mara ya kwanza Japani, ambao unaweza kuwa mbele kidogo. Hapa Uganda mwaka ni pesa. Sheria ya 2018 ilipiga marufuku kuingiza gari lenye miaka 15 au zaidi tangu kutengenezwa, na magari yaliyozeeka yakabebeshwa kodi ya mazingira juu ya kodi nyingine. Kwa hiyo mtu akikuambia "kodi imelipwa," mwulize ipi, ya gari la mwaka gani, na akuonyeshe risiti za URA, mamlaka yetu ya mapato. Mwulize pia kama bei aliyokutajia ni ya gari likiwa bado bondini au likiwa na namba na logibuku, ile hati ya umiliki, kwa jina lako. Watu wamefurahia bei nzuri Ijumaa, Jumatatu wakagundua bado wanadaiwa ushuru na VAT ya asilimia 18. Thamani ambazo URA hukadiria magari yaliyotumika huwa zinatangazwa. Zisome kabla hujatoka nyumbani.

Nguvu kubwa ya mwongo ni haraka. Kila gari nililolipenda lilikuwa na mtu anayekuja kulichukua saa tisa. Ukisikia hivyo, sema: "Sawa kaka, akilichukua ni riziki yake," na uondoke kweli. Najua inavyouma. Mara mbili nilitoka bondini machozi yako karibu, kwa sababu gari lilikuwa zuri na moyo ulishakubali. Yule wa kikaratasi cha buluu alinipigia baada ya siku nne. Gari lilikuwa bado liko palepale, na bei imeshuka. Sikurudi, kwa sababu aliyerudisha geji nyuma hujui ameficha kitu gani kingine. Na usitoe kianzio "ili wakushikie" bila maandishi yanayosema ni lini na kwa sababu zipi utarudishiwa.

Kuhusu maandishi sina huruma. Sheria ya Mikataba ya 2010 inataka mkataba unaozidi vipimo 25 vya sarafu uwe wa maandishi, na kipimo kimoja ni shilingi 20,000, yaani chochote zaidi ya shilingi 500,000. Hakuna gari la spoti la bei hiyo. Kila alichokuambia kwa mdomo kiingie humo: namba ya chesisi na ya injini, kilomita, mwaka wa kutengenezwa, nani analipa kodi gani, logibuku inatoka lini. Mtu aliyeapa mbele yako kwamba kilomita ni halisi, mpe kalamu aiandike. Niliwahi kuona kalamu ikirudishwa mezani.

Gari langu nililipata kwenye yadi ndogo, kwa mzee mmoja ambaye nilimwuliza swali langu la kawaida: linatumia petroli gani? Jibu nilikuwa nalo. Injini ile ilitengenezewa petroli ya daraja la juu, ile ya Japani inayokaribia oktani 100. Mzee akanitazama, akasema, "Hapo sijui, dada. Mimi nauza, sitengenezi. Tusome kwenye kifuniko." Tukaenda pamoja, akafungua kifuniko cha tangi, tukakuta maandishi ya Kijapani, akampigia mwanawe simu atutafsirie. Halafu akaniambia nimlete fundi wangu siku yoyote, saa yoyote.

Tulifika Jumamosi saa moja asubuhi, boneti ya baridi kama jiwe. Geji ilisoma 104,000 na karatasi ya mnada ikakubaliana nayo. Kabla fundi hajainama, mzee alitupeleka mlango wa kushoto, akaweka kidole juu ya rangi. "Hapa paliwahi kutengenezwa. Kwenye karatasi wameandika W."

Nimeshaliendesha kilomita elfu nane. Jua la jioni likilipiga ubavuni, bado naliona lile wimbi dogo kwenye rangi, palepale alipoweka kidole.