Kisu cha porini kwa mfuko mdogo: mmeuliza, tunajibu

Maswali ya safari hii karibu yote yanahusu jambo moja: kisu kisichokunjwa, imara, cha kwenda nacho kambini, shambani au baharini, kwa pesa ambayo mtu wa kawaida anaweza kuitoa bila kukosana na watu wa nyumbani kwake.

Nina shilingi 2,500 za Kenya. Nataka kisu cha kupiga kambi: kuchonga vigingi vya hema, kupasua vijiti vya kuwashia moto, kukata nyama na vitunguu. Dukani nimeona kimoja kikubwa, kina meno ya msumeno mgongoni na dira mwisho wa mpini. Nikichukue? (Msomaji, Nanyuki)

Kiache hapo hapo dukani. Mpini unaobeba dira ni bomba tupu. Msuka, yaani kile chuma kinachoingia ndani ya mpini, huwa wa sentimita mbili tatu tu, umeshikwa kwa nati. Ukikipinda kisu ubavuni mara chache, nguvu yote inaishia kwenye nati hiyo na bapa linabaki kwenye mti, mpini mkononi. Meno yale nayo hujaa unga wa mti na kukwama kabla hujamaliza tawi la unene wa kidole gumba. Isitoshe, unapopasua kijiti kwa kugonga mgongo wa kisu na kipande cha mti, meno hukitafuna kipande chenyewe.

Tafuta kitu cha kawaida kabisa: bapa la sentimita 10 hadi 12, mgongo laini wenye unene wa milimita 2.5 hadi 4, na mpini usiochongwa nafasi za vidole, kwa sababu nafasi hizo zilipimwa kwa mkono wa mtu mwingine. Visu vya Mora, Sweden, ndivyo kipimo chetu kwa bei hii. Aina ya Companion ina bapa la sentimita 10 na kitu. Ya kawaida ina unene wa milimita 2.5, na ile nzito milimita 3.2. Ukiagiza kutoka nje, jumlisha usafiri na ushuru kwanza, maana hapo ndipo kisu cha bei nafuu hugeuka kuwa cha bei mbaya.

Kisipopatikana, nenda duka la vyombo ukaulize kisu cha bucha cha inchi 5 au 6, chenye mpini wa plastiki, kama vile vya Tramontina vya Brazil. Hakina sura ya porini, lakini chuma chake ni cha watu wanaokata nyama kutwa nzima. Bapa lake ni jembamba, kwa hiyo usikigongee kwenye gogo. Kazi ya gogo mpe panga, ambalo huenda tayari unalo. Panga moja na kisu kidogo kimoja vinafanya kazi kuliko lisu kubwa linalojaribu kuwa vyote viwili.

Kila mtu ananiambia msuka lazima ufike mwisho wa mpini. Nitajuaje bila kuubomoa? (Morogoro)

Ukiona chuma kimejitokeza kuzunguka ukingo wa mpini, kikiwa katikati ya vipande viwili vya mbao vilivyofungwa kwa riveti, umefika mwisho. Mpini ukiwa umefunikwa wote, chukua sumaku yenye nguvu (ya spika iliyokufa inafaa) uipitishe polepole kutoka kwenye bapa kwenda mwisho. Pale inapoacha kuvuta ndipo msuka ulipoishia.

Ila hiyo "lazima" imekuzwa. Msuka wa Companion haufiki mwisho wa mpini, na visu hivyo vinapigishwa kazi ngumu miaka nenda rudi. Kinachovunja kisu ni pale msuka unapokutana na bapa. Ukiwa mwembamba ghafla, tena kona zake zimekatwa mraba, ufa huanzia hapo. Kona za mviringo na msuka wenye upana wa angalau nusu ya bapa zinatutosha. Na msuka mrefu wa chuma kilichochomwa vibaya, yaani kilichokosewa kwenye moto wa kukitia ugumu, utavunjika vilevile.

Nashinda baharini. Kisu kipi hakishiki kutu? (Kilwa)

Kwa maji ya chumvi, karibu vyote hushika; vingine huchelewa. Kromiamu ndiyo inayochelewesha kutu, na kaboni ndiyo inayompa kisu ugumu wa kushika makali, kwa hiyo unatafuta chuma chenye zote mbili. Soma muhuri kwenye bapa. 3Cr13 ni aina ya chuma yenye kaboni kama asilimia 0.3: haitapata kutu upesi, lakini utanoa kila siku. 12C27 ya Sweden ina kaboni asilimia 0.6 na kromiamu zaidi ya 13, na kwako ndiyo saizi yake. Muhuri wa "440" bila herufi ni wa kutiliwa shaka, kwa sababu 440A, 440B na 440C zinapishana sana kwa kaboni, na aliyetumia iliyo bora hasahau kuandika herufi. Neno "stainless" peke yake halikuambii kitu.

Ukirudi pwani, suuza kwa maji baridi ya bomba, kausha, kisha paka mafuta ya cherehani kidogo, na uyafute kabla ya kukata chakula. Mafuta ya alizeti yakikaa huganda yakawa kama gundi. Na usikilaze kisu ndani ya ala ya ngozi. Ngozi hunywa maji ya chumvi na kuyashikilia, na dawa zilizoitengeneza nazo hula chuma. Ala ya plastiki yenye tundu chini ndiyo ya mvuvi.

Fundi wa kwetu anafua visu kwa springi za lori, bei yake nzuri. Lakini cha kaka yangu makali yalijikunja, na cha jirani yakameguka kama kigae. Kosa ni la chuma au la fundi? (Arusha)

Chuma msikisingizie. Bapa nyingi za springi zina kaboni ya asilimia 0.5 hadi 0.6, na hicho ni chuma kizuri sana cha kisu kigumu cha kazi. Tatizo ni kwamba springi imechomwa kiwandani ili inesenese, si ili ishike makali. Ugumu wake kwa kipimo cha Rockwell huwa kwenye arobaini na kitu, wakati kisu kinataka 56 hadi 58. Cha kaka yako yaelekea kilikatwa kwa grenda, kikasuguliwa na kuuzwa hivyo hivyo. Cha jirani kilitumbukizwa kwenye maji kikiwa chekundu, basi, hakikurudishwa motoni. Chuma cha namna hiyo kina ugumu wa chupa na ubovu wa chupa.

Kazi kamili iko hivi, na fundi mwelewa hatakasirika ukimwuliza. Bapa huchongwa kwanza, lakini makali huachwa na unene wa milimita moja hivi, kwani ukingo mwembamba hupinda au kupasuka unapopozwa ghafla. Hupashwa moto wa mkaa hadi sumaku isikamate tena, kisha huongezwa moto kidogo tu, rangi iwe nyekundu inayoelekea chungwa na iwe sawa kutoka ncha hadi mwanzo wa mpini. Hapo huzamishwa kwenye mafuta, si maji, na mafuta yenyewe yawe ya moto wa nyuzi 50 hadi 60, maana yakiwa baridi ni mazito na hayapozi vizuri. Kisu huingia kimenyooka. Ukikikoroga kushoto kulia, kinapinda. Kikitoka, tupa (ile ya kukwangulia chuma) ikipita juu yake iteleze bila kukwangua. Bila kuchelewa kiingie kwenye oveni ya nyuzi 200, saa mbili, kipoe, kirudie saa mbili nyingine. Chuma kilichosuguliwa kitaonyesha rangi ya majani makavu. Baada ya hapo grenda iguse kidogo kidogo huku kisu kikichovywa majini. Kikiota rangi ya buluu kwenye makali, sehemu hiyo imeshalainika na hakuna kinoo kitakachoirudisha.

Springi chakavu ina ujanja wake pia: inaweza kuwa na nyufa zisizoonekana. Paka mafuta ya taa, acha dakika chache, futa kabisa, kisha nyunyiza unga wa chaki. Palipo na ufa patachora mstari mweusi.

Na wewe mnunuzi, kabla hujatoa pesa, laza makali kwenye kipande cha shaba nyeupe au ya njano, kwa mfano shina la bomba bovu, uyakandamize hadi uone yamebonyea kidogo. Yakirudi yenyewe, lipa. Yakibaki yamepinda, ni laini. Yakimeguka, ni ya jirani yako.

Nanoa lakini hakikati. Naenda digrii ngapi? (Tabora)

Karibu 20 kila upande, na huhitaji kifaa. Inua mgongo wa kisu kutoka kwenye kinoo kwa theluthi ya upana wa bapa. Bapa la milimita 24, inua milimita 8. Panga sarafu kadhaa hadi ufikie urefu huo, uzoeshe mkono, kisha uziondoe. Visu vya Mora ni tofauti: vina mteremko mmoja mpana, basi laza mteremko wote kwenye kinoo.

Wengi hukosea kwa kugeuza upande mapema mno. Noa upande mmoja hadi kucha yako ihisi kijinyuzi cha chuma kimejikunja upande wa pili, toka mwanzo hadi ncha. Bila kijinyuzi hicho, hujafika kwenye makali. Unang'arisha ubavu tu. Ndipo ugeuze. Malizia kwa msasa namba 1000 juu ya kioo, ukivuta kwa nyuma, halafu mkanda wa ngozi mara ishirini hivi.

Nitasafiri nacho kwa ndege kwenda Mwanza. Itakuwaje? (Dar es Salaam)

Kwenye mkoba wa mkononi watakuchukulia. Kiweke kwenye begi la kukabidhi, ndani ya ala, kisha kiviringishe kwa taulo na kamba, ili anayepekua begi asijikate.