Kusini mwa Marekani: kumbukumbu au ngano?

SWALI: Ndugu Mhariri, mbona baadhi ya riwaya za Kusini mwa Marekani huisimulia enzi ya mashamba ya watumwa kana kwamba ilikuwa ya raha? Msomaji, Tanga.

JIBU: Kwa sababu waandishi hao walitunga zaidi kuliko walivyokumbuka. Thomas Nelson Page, aliyechapisha kitabu cha hadithi fupi, In Ole Virginia, mwaka 1887, alikuwa na umri wa miaka 12 tu Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vya Marekani, vilivyoukomesha utumwa, vilipokwisha mwaka 1865, na hila yake kubwa ilikuwa kumfanya mtumwa wa zamani awe ndiye msimulizi anayezililia siku za bwana wake, ilhali sensa ya 1860 ilihesabu watumwa karibu milioni 4. Margaret Mitchell, mwandishi wa riwaya ya Gone with the Wind na mzaliwa wa Atlanta mwaka 1900, hakuiona kabisa enzi hiyo; aliipokea kwa wazee.

Kwa maoni yangu, aliyewajibu vyema ni Charles Chesnutt, mwandishi Mmarekani Mweusi, katika kitabu chake cha hadithi, The Conjure Woman, mwaka 1899. Msimulizi wake, Julius, naye mtumwa wa zamani, huanza kwa ucheshi uleule uliozoeleka, kisha akatusimulia habari za Sandy, ambaye mkewe alimgeuza mti kwa uganga ili wasitenganishwe, naye akakatwa na kupasuliwa mbao za kujengea jiko la bwana.