Kloridi ya stani kugeuka kama maziwa

Mwalimu, salaam kutoka Ngamiani, Tanga. Umeuliza kama kloridi yako ya stani mbili (chumvi ya stani, yaani metali ya bati, "tin") imeharibika. Kuwa nyeupe kama maziwa ulipoitia maji si lazima iwe imeharibika; maji mengi huivunja ikatoa chumvi isiyoyeyuka. Yeyusha fuwele kwanza kwenye asidi hidrokloriki kidogo, kisha ongeza maji taratibu. Tumbukiza na vipande vya stani chupani, hewa isiigeuze kuwa kloridi ya stani nne, ambayo ni kemikali tofauti.

Joto la Tanga nalo tatizo: fuwele zenye maji ndani ya muundo wake huyeyuka kwenye nyuzi 38 hivi, kwa hiyo stoo ya mabati haifai kabisa.

Glovu na miwani tafadhali, inaunguza. Nunua kwa muuzaji aliyesajiliwa na Mkemia Mkuu wa Serikali. Ya kupimiwa kwenye mfuko bila lebo usichukue.