Kioo kinazima na kuwaka: kadi isubiri kwanza

SWALI: Assalaam aleikum wataalamu. Nina duka la kuchapisha na kutoa kopi Langoni, Lamu, karibu na bahari. Kompyuta ya mezani inatumia Ubuntu, aina ya Linux, na kioo kimeungwa kwa kebo ya HDMI. Tangu kusi ianze, kioo huwa cheusi sekunde moja au mbili kisha kinarudi. Asubuhi nyingine mara tano au sita, siku nyingine hakuna kitu. Fundi ameniambia Linux haipatani na kadi ya picha, ninunue kadi mpya. Je, ni kweli?
Msomaji, Langoni

JIBU: Waaleikum salaam. Shika pesa zako kwanza. Kioo kikizima sekunde mbili kikarudi safi, kwa kawaida ni mawasiliano kati yake na kompyuta yamekatika yakaungwa upya. Kadi inayokufa huleta zaidi mistari, rangi zilizovurugika au mashine kuganda.

Wa kwanza kushukiwa ni kebo, na kwa duka lililo karibu na maji tungeanzia hapo hata bila dalili nyingine. Kichwa cha HDMI kina pini 19 nyembamba sana. Unyevu wenye chumvi ukiingia, shaba hufanya ukungu wa kijani na mguso unakuwa wa kubahatisha: leo unashika, kesho hapana. Zima kila kitu, chomoa plagi ukutani, umulike kichwa cha kebo na tundu lake kwa tochi. Safisha kwa alkoholi ya isopropili ya asilimia 90 au zaidi na brashi laini, uache dakika 15 pakauke. Spiriti ya vidonda ya duka la dawa usitumie; ina maji, na baadhi yake ina mafuta yanayobaki kwenye pini. Kebo yenye kijani kibichi wazi haifai kuhangaikiwa, itupe. Kama katikati kuna kigeuzi cha HDMI kwenda VGA (plagi ya kioo ya zamani), kiondoe. Vigeuzi hivyo hupata joto na kukata picha.

Kipimo kizuri kisicho na gharama: shusha kasi ya kioo, yaani mara ngapi picha huchorwa upya kila sekunde (hezi). Kama kiko hezi 75, kiweke 60 kwenye mipangilio ya skrini. Data inayopita kwenye waya inapungua, na kebo dhaifu huihimili. Kioo kikitulia, tatizo ni waya karibu hakika. Kwa sababu hiyohiyo, kioo kukaa bila kuzima kwenye BIOS (ukurasa wa mipangilio ya kompyuta kabla mfumo haujawaka) hakuitoi kebo lawamani, kwani BIOS nyingi hutumia picha ndogo. Lakini kikizima ukiwa humo, Linux haina kosa: haijapakiwa bado.

Angalia pia ekstensheni. Friji au feni ikiwa kwenye ekstensheni moja na kioo, umeme hushuka kidogo kila mota inapoanza. Kipe kioo soketi yake.

Sasa ndiyo Linux. Fungua terminali (dirisha la kuandika amri), andika:

sudo dmesg -wT

Iache wazi. Kioo kikizima, tazama mistari iliyoongezeka dakika ileile. Kwenye kadi za Intel, maneno “FIFO underrun” yanaonyesha picha haikufika kwa wakati kutoka kwenye kumbukumbu, na hapo draiva, programu inayoendesha kadi, inahusika. Kukosa mstari mpya hakusafishi kebo, kwa sababu makosa ya waya mara nyingi hayaandikwi.

Ukikuta hayo ya Intel, jaribu mara moja bila kubadilisha faili lolote: kwenye menyu ya GRUB (inayokuja kabla Linux haijawaka) bonyeza e, mwisho wa mstari unaoanza na “linux” ongeza i915.enable_dc=0, kisha F10. Ukizima mashine, badiliko linaondoka. Kama tatizo lilianza baada ya kusasisha mfumo, chagua keneli (kiini cha Linux) ya zamani kwenye menyu hiyohiyo, ufanye nayo kazi siku tatu. Nusu saa haitoshi kwa ugonjwa unaokuja na kwenda.

Yote yakishindwa, azima kioo kingine. Na hicho kikizima kwa kebo mpya, ndipo uzungumze na fundi habari ya kadi.